Mstari wa Mshazari

Ndugu zangu, nawasalimu. Mwenye nguvu mkono wa kulia apunge wa kulia, mwenye nguvu wa kushoto apunge huo, na ambaye mikono yote miwili bado imelala anikonyeze tu, nitamwona. Vizuri. Mama wa pale nyuma amekonyeza macho yote mawili, nadhani ametusalimia na kwa niaba ya mumewe.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wagonjwa na wanaowauguza ameniomba nizungumze leo kwa sababu tumepata familia mpya. Sitataja jina la mtu. Walionisaidia wanajijua, na wawili kati yao wamekaa humu ukumbini wakijifanya wanaangalia simu.

Wengi mnanijua kama yule mama wa Migosi anayetembea na fimbo. Kazi yangu hamuijui, na msipoijua hamtaelewa nilikoponea. Mimi ni fundi wa kontrola. Kontrola ni kisanduku, ukubwa wake kama mkate, kinachokaa ndani ya kabati la umeme kiwandani. Hicho ndicho kinachoamua pampu iwake lini, mkanda usimame wapi, tangi likijaa maji yakatwe. Lakini kisanduku hakijui lolote mpaka mtu akiandikie amri. Amri hizo naziandika kwenye kompyuta, kwa programu maalum, halafu naunganisha kebo na kuziingiza.

Amri zenyewe si maneno. Ni picha ya ngazi. Chora nguzo mbili, moja kushoto na moja kulia, kisha vidato katikati. Umeme unatoka nguzo ya kushoto, unapita swichi ya kwanza, unapita ya pili, unafika kulia, pampu inawaka. Swichi moja ikikataa, umeme unakwama hapo. Na ukiunganisha kompyuta na mashine inayofanya kazi, kila mahali umeme unapopita hugeuka kijani kwenye kioo. Unakaa, unatazama ile kijani, unajua kiwanda kinawaza nini. Mume wangu husema mimi hutazama ngazi zangu kama watu wengine wanavyotazama mpira.

Basi. Siku niliyoanguka, sikuanguka. Nilikuwa nimesimama wima kwenye nyumba ya pampu ya maji huko Kisian, asubuhi, kompyuta iko juu ya kiti. Nilitaka kumwambia mlinzi wa pampu azime swichi kubwa ukutani. Neno nililiona kichwani, limekaa mahali pake. Nikafungua mdomo.

"Sabuni," nikasema.

Mlinzi akanitazama mikono, akatoka, akarudi na kipande cha sabuni ya kufulia na kopo la maji.

Nikatikisa kichwa. Nikanyoosha kidole ukutani. "Sabuni!"

"Si ndiyo hii, Mama? Ama unataka ya unga?"

Nilicheka, ndugu zangu. Nawaambia ukweli, nilicheka, kwa sababu hata mimi nilisikia kwamba nimesema upuzi. Halafu nikataka kuokota kebo iliyoanguka na mkono wangu wa kulia haukuja. Nikauangalia. Ulikuwa unaning'inia kama sweta la mtu mwingine. Hapo mlinzi naye akaacha kucheka. Akanikalisha chini taratibu, akapiga simu.

Hospitalini walisema ni kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo, na kwamba presha ilikuwa juu kwa muda mrefu bila mimi kujua. Mguu ulianza kurudi mapema. Mkono ulirudi nusu. Maneno hayakurudi. Niliyasikia yote, niliyaelewa yote, lakini kila nilichotaka kusema kilitoka sabuni. Maji, sabuni. Choo, sabuni. Mtoto wangu wa mwisho, sabuni.

Wale mnaouguza wagonjwa mnajua kinachofuata. Wageni wanakuja na sukari na mkate, wanaongea kwa sauti kubwa kana kwamba umekuwa kiziwi. Wengine wanaongea juu yako ukiwa umekaa hapo. Mmoja alimuuliza mume wangu, "Sasa huyu akili iko?" Mume wangu akamjibu, "Iko. Ndiyo maana amekunyima chai." Hakuna aliyemwambia aseme hivyo. Nilitaka kumkumbatia, lakini mkono ulikuwa ule ule wa sweta.

Mama yangu alitoka Katito kuja kunitunza. Jioni moja alianza wimbo wa kanisani, wa Kijaluo, ule tuliokuwa tukiimba nikiwa mdogo. Nikaimba naye. Wimbo wote, beti zote, maneno yote mahali pake! Nyumba nzima ikasimama. Mama akalia, akasema Nyasaye, Mungu wetu, amemfungua mtoto wake. Wimbo ukaisha, tukaketi kula, nikataka kuomba chumvi. "Sabuni," nikasema. Mama aliweka kijiko chini asimalize chakula.

Baadaye mwalimu wa matamshi hospitalini, binti mpole mwenye kadi za picha, alinieleza kwamba wimbo hukaa upande mwingine wa ubongo. Ningeweza kuimba ibada nzima nisiweze kuomba chumvi. Akinionyesha picha ya kikombe, nilijua ni kikombe. Akinipa gazeti, herufi zilinitazama kama dagaa, omena wetu wa ziwani, walioanikwa: zote zina macho, hakuna hata moja inayosema.

Ndugu zangu, sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba kazi imekwisha. Fundi anayeita kila kitu sabuni ataingizwa kiwanda gani? Bosi wangu alikuwa akija kunitazama na kusema, "Kazi iko, Mama, wewe pumzika." Lakini mimi ni mtu wa kuangalia vitu. Niliona kwamba kila akija anasema maneno hayo akiwa ameelekea dirishani.

Halafu siku moja alikuja mchana, hana mkate wala sukari. Alikuwa amebeba kompyuta yangu ya kazi.

Hapa nieleze desturi yetu moja. Mafundi wa kontrola tukimaliza kuandika ngazi za kiwanda, huzifunga kwa paswadi. Tunasema ni ili mtu asiyejua asije akaharibu, na hiyo ni kweli. Ukweli mwingine ni kwamba mwenye kiwanda akitaka kubadilisha jambo, lazima akuite wewe. Mafundi wote hufanya hivyo, nami nilifanya hivyo. Kulikuwa na kiwanda cha barafu karibu na ziwa, ngazi zake nilizifunga mimi, na paswadi ilikaa sehemu moja tu, kichwani mwangu.

Bosi akaketi. Akasema kiwanda kile kimesimama. Swichi ya tangi la maji, ile yenye boya, ilikuwa imeharibika, wakaweka mpya. Swichi nzima kabisa, lakini tangi liko tupu na pampu imelala. Hakuna barafu. Akina mama wa samaki wamejaa langoni na ndoo zao. Yeye ni fundi wa umeme wa miaka mingi, waya anazijua kuliko mimi, lakini ngazi aliniachia mimi, na sasa alitaka kuzifungua aone ndani.

"Mama, nipe paswadi tu," akasema. "Ukishindwa kutaja yote, nipe mwanzo wake."

Nikakusanya nguvu. "Sa..."

"Ndiyo, Mama. Sa..."

"...buni."

Akaanza kuiandika. Mume wangu akamshika bega. "Mzee, hilo ni la kila kitu. Jana lilikuwa jina langu."

"Labda ni tarehe ya mtoto kuzaliwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Jina la mume?"

Mume wangu akakaa vizuri kitini. Nikatikisa kichwa. Mama yangu alicheka hata akajifuta macho na leso. "Yawa, pole, mkwe wangu," akamwambia.

Bosi hakucheka. Alifunga macho kidogo, akasema bila paswadi itabidi kila kitu kifutwe na mtu wa Nairobi aje aandike upya. Akairudisha kompyuta mkobani, akasimama. Nikajua akitoka nayo mlangoni, haitarudi Migosi tena. Nikaushika mkoba wake kwa mkono wa kushoto, nikauvuta. Tulivutana kidogo, mimi na bosi wangu, kama watoto.

"Muache aishike, Mzee," mume wangu akasema. "Anataka kitu."

Wakaiweka mezani, ikafika pale inapodai paswadi. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto haukujua kitu, haujawahi kuiandika. Basi nikaunyanyua ule wa kulia kwa huu wa kushoto, nikauweka juu ya vitufe. Ulikuwa mzito. Mume wangu akaelewa. Akaushika kifundoni kwa chini, kama mtu anayebeba yai, ili nisibebe uzito wake. Nikaangalia pembeni, dirishani, kwa makusudi, nikaviacha vidole viende.

Vilikwenda polepole sana. Programu ikakataa. Vikaenda tena. Kidole kimoja kilikuwa kinateleza, nikakisikia, nikakirudisha. Programu ikafunguka.

Ninachowaambia sasa sijui kama nitakieleza vizuri. Ngazi zilijaa kwenye kioo, na nikazisoma. Mimi ambaye gazeti lilikuwa omena mtupu. Nguzo ya kushoto, swichi, swichi, pampu. Kidato cha pili, kidato cha tatu. Hakuna kilichonikimbia. Kila kitu kilikuwa kinasema, nami nilikuwa nasikia. Nikashuka mpaka kidato cha tangi la maji, nikaweka kidole juu ya swichi ya boya, nikakivuta kwa mshazari, toka juu kulia hadi chini kushoto. Nikarudia.

Katika ngazi zetu, swichi huchorwa kama vijiti viwili vilivyosimama. Ukikatiza vijiti hivyo kwa mstari wa mshazari, umekiambia kontrola, hii isome kinyume.

Bosi alitazama kidole changu. Akanitazama mimi, na safari hii hakuelekea dirishani. Akatoa simu, akampigia mwendeshaji mashine kule kiwandani. "Hebu angalia hiyo boya mpya. Inapitisha umeme ikiwa chini ama ikiwa juu?"

Sauti ikajibu, "Ikiwa juu, Mzee. Ile ya zamani ilikuwa ikiwa chini."

Mnaona? Tangi lilikuwa tupu, swichi mpya ikinyamaza, na kontrola kikadhani limejaa. Mstari mmoja ulitosha. Bosi akauchora hapo hapo, chini ya kidole changu, aende akauingize kiwandani. Kabla ya kuondoka alinishukuru kama unavyomshukuru mtu wa kazini, kwa kifupi na kwa haraka, na shukrani hiyo ilinitibu kuliko pole zote nilizopewa.

Siku iliyofuata alirudi. Niliangalia mkoba kabla ya kuangalia uso. Kompyuta ilikuwamo.

Akasema, "Kaa nayo." Kwenye programu yetu kuna sehemu ya kujaribia. Unaweza kuwasha kiwanda cha uongo humo ndani, tangi linajaa, pampu inazunguka, na hakuna mtu anayeweza kuumia. Bosi akawa ananiletea kazi ndogondogo za kujaribu humo. Mwanzoni nilichoka baada ya kidato kimoja, nikalala kama niliyelima shamba.

Nikaichukua kompyuta nikaenda nayo kwa mwalimu wa matamshi. Binti wa watu hakuwahi kuona ngazi kama hizo. Alinitazama nikizifuata kwa kidole, halafu akasukuma kadi zake za kikombe na kuku kando. "Tusome hii," akasema. "Wewe elekeza, mimi nitaanza." Akaanza: "Kama maji yamepungua..." Kidole changu kikasogea. "Na kama..." Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu, hakunisaidia. Na mimi nikasema, "...boya... chini."

"Basi?"

"Basi... pampu."

Ndivyo nilivyojifunza tena kusema. Kidato baada ya kidato, kutoka kushoto kwenda kulia. Kama hivi, na kama vile, basi hiki. Nyumbani nikasema sentensi yangu ya kwanza nzima, na mama yangu ni shahidi: "Kama chai iko, na kama sukari iko, basi niletee." Mama alikimbia jikoni, akarudi na birika mkononi, amesahau kikombe.

Lakini maneno machache ya chai hayakurudishi kiwandani. Bosi alinieleza hofu yake waziwazi, na ilikuwa ya haki. "Mama, mashine ikimkamata mtu, ni lazima upige kelele ya 'zima.' Ukisema sabuni pale, mtu atapoteza mkono." Nilifanya mazoezi ya neno hilo moja. Zima. Zima. Nilimtisha paka wa jirani. Siku nyingine lilitoka, siku nyingine halikutoka, na ninyi mnajua kwamba ukiwa na haraka ndiyo maneno hukimbia kabisa.

Akanipeleka kiwanda kile kile cha barafu kunipima. Alinisimamisha karibu na kabati la umeme. Mwendeshaji mashine alisimama kule kwenye mashine ya kusagia barafu, mkono kwenye swichi. Makubaliano yalikuwa kwamba mashine iwashwe, na bosi akinigusa bega, mimi niseme neno.

Ikawashwa. Kama hamjawahi kusikia barafu ikisagwa, chukueni pipa la bati mlijaze mawe mlivingirishe kwenye ngazi za ghorofa. Bosi akanigusa bega. Nikafungua mdomo na neno likakataa. Nikaliona pale, limekaa, halitoki. Mwendeshaji akiwa ananitazama, mkono wangu wa kushoto ukapanda wenyewe, ukakata hewa mbele ya kifua. Mashine ikazimwa papo hapo.

Bosi akasema, "Hakusema."

Mwendeshaji akaweka mkono sikioni. "Unasema nini, Mzee? Masikio bado yanalia."

"Nasema hakusema neno!"

"Kwani wewe ukiwa hapa husema?" akauliza. "Mzee, unaonaga ukipiga kelele nani anakusikia? Sisi wote hapa ni mikono tu. Huyu Mama hata akisema sabuni mimi nitazima, bora nione mkono."

Bosi akamwambia aiwashe tena. Akaenda mwenyewe karibu na mlango, akapiga kelele ya "zima" kwa nguvu zote, mishipa ya shingo ikatoka. Mashine iliendelea kusaga. Bosi akacheka, akainua mkono, ikazimwa. Akaja akanikabidhi kebo ya kompyuta. Nikainama, nikaichomeka, ngazi zikawaka kijani.

Hivyo ndivyo nilivyorudi kazini. Msidhani nimekuwa kama zamani. Bado nalala mchana. Vidole viwili bado havijui baridi na moto. Wiki iliyopita nilimwomba mwenzangu kijiko nikitaka bisibisi, naye akanipa bisibisi, tumeshazoeana. Kazi za kupanda juu ya matangi nimewaachia wengine. Lakini nasoma ngazi, naandika ngazi, na mshahara wangu ni wa fundi.

Jambo moja nimelibadilisha. Paswadi zote sasa zinajulikana na mimi na mtu mwingine mmoja. Kila kidato nimekiandikia maelezo ili mtu mwingine akifungua asipotee. Bosi alishangaa, akasema wateja watatukimbia. Hawajakimbia. Na hili si la viwanda tu. Ninyi mnaouguza, na ninyi mlio wazima bado, nendeni nyumbani leo mkamwambie mtu mmoja mnayemwamini dawa zinakaa wapi, simu inafunguliwaje, mtoto hulala na wimbo gani. Mtu huweza kuwa mzima kabisa ndani, na ufunguo ukabaki ndani pamoja naye.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mlinzi wa Kisian, aliyenikalisha chini badala ya kuniacha nianguke. Namshukuru mwalimu wa matamshi, kwa kile kimya chake. Namshukuru bosi wangu, na huyo jirani yake anayejifanya anaangalia simu, kwa mashine iliyozimwa. Mama yangu amezeeka, hakuweza kusafiri leo, lakini nimeahidi kumwambia kwamba mlimpigia makofi, basi pigeni. Ero kamano, asanteni. Na mume wangu, aliyebeba mkono wangu siku ile usinizidi uzito, yeye nitamshukuru nyumbani, kwa sentensi ndefu, hata ikichukua jioni nzima.

Sasa nageukia familia iliyokuja leo mara ya kwanza. Shemeji, nimekuona tangu nilipoanza. Watu wamekusalimia, na mkeo amekujibia kila salamu, kwa upendo, ili usiaibike. Dada, usimjibie. Tangu nilipotaja barafu, mumeo amekuwa akiinua kidole cha shahada kutoka gotini, anakirudisha, anakiinua. Ana jambo.

Nakaa chini. Tumsubiri.